Niko eda, na Jumatatu natakiwa kuripoti kazini

Assalam aleikum Mshauri,

Nina miaka 34, ni muuguzi katika zahanati binafsi mjini Tanga. Mume wangu alifariki tarehe 18 Mfungo Mosi (Shawwal) baada ya Alasiri, akazikwa kesho yake. Tuna watoto wawili, wa kike yuko darasa la tano na wa kiume darasa la kwanza. Tangu siku hiyo niko eda katika nyumba yetu ya kupanga, vyumba viwili. Wifi yangu mkubwa alikuja na doti ya kitenge, akagonga misumari miwili, akafunga kamba, chumba cha kulala kikapata pazia. Nyuma ya pazia hilo ndipo ninaposhinda, dirisha limefungwa.

Nimelelewa na bibi yangu Pangani. Nilikuwa na miaka tisa alipofiwa na babu, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kuoga. Alikaa juu ya mkeka muda wote ule kwa shuka nyeupe, kichwa kimefungwa, mwanamume asisikie sauti yake. Akitaka kitu alinigongea kikombe kwa kijiko. Hakujitazama kwenye kioo, hakukata kucha. Niliambiwa kizuka, yaani mjane aliye katika eda, akitoka nje, marehemu hapumziki kaburini, nami sikuuliza zaidi. Leo ni mtu mzima, nimesoma, nachoma watu sindano. Lakini juzi mwanangu alifungua dirisha bila kujua, jua likanipiga usoni, na moyo ulinienda mbio kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Shida yangu ni kazi. Mwajiri alinipa siku 4 za msiba zenye malipo, kisha nikachukua likizo yangu yote ya mwaka, siku 28. Zinaisha Jumapili hii. Meneja hakunifokea. Amesema tu kwamba ana wauguzi watano, ratiba imebana, na mimi nimepangiwa wiki moja mchana, wiki inayofuata usiku.

Wifi anasema siku ni 130, zinahesabiwa kuanzia mazishi, na sitakiwi kufika hata mlangoni wala kupokea simu ya mwanamume, akiwemo meneja. Nikimuuliza tutakula nini, ananijibu kuwa riziki anatoa Mungu. Shemeji aliahidi mbele ya watu kuwa ada na kodi ni juu yake. Mpaka leo ameleta shilingi 40,000, mara moja. Kodi ni 100,000 kwa mwezi, tunalipa miezi mitatu mitatu, na tuliyolipia inaisha mwezi ujao. Nimesikia pia kuwa wanaume wameshakaa kikao cha mirathi bila mimi, kwa sababu niko ndani.

Mama mkwe hasemi kitu. Anakuja kila Ijumaa, anakaa kando ya mkeka wangu, ananishika mkono, analia, anaondoka. Mama yangu mzazi yeye ananipigia simu: "Mwanangu, kazi ikiondoka hairudi." Shoga yangu wa kazini ananiambia niachane na mambo ya zamani. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote, maana kwangu si mambo ya zamani. Eda naiamini, na mume wangu nilimpenda.

Nikienda kazini Jumatatu, nitakuwa nimevunja eda? Nikikaa, watoto wangu nitawaweka wapi?

Kizuka, Tanga

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana wewe na wanao.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona umebeba mizigo mitatu ukiiona kama mmoja. Upo wa ibada, ambayo umeikubali mwenyewe kwa moyo wako. Upo wa malezi, yaani picha ya bibi yako juu ya mkeka. Na upo wa wakwe, ambao nao wana msiba wao na maneno yao. Yote mitatu inaitwa eda hapo nyumbani, ndiyo maana ukigusa mmoja unahisi umeiangusha yote. Tuitenganishe kidogo kabla hujafikiria Jumatatu.

Nianze na hesabu, kwa kuwa kila kitu kingine kinaifuata. Eda ya aliyefiwa na mume imetajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 234: miezi minne na siku kumi. Inaanza saa aliyofariki mume. Kuzikwa kesho yake hakusogezi kitu. Na miezi hiyo ni ya mwandamo. Mumeo alifariki katikati ya mwezi, kwa hiyo unahesabu siku zilizobaki za Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu na Mfungo Nne kama zitakavyoandama, halafu unaingia Mfungo Tano kuufidia ule mwezi wa kwanza hadi utimie siku 30, ndipo unaongeza 10. Ikiwa Mfungo Mosi ulikuwa na siku 29, zilibaki 11, unafidia 19, na eda yako inakwisha Alasiri ya tarehe 29 Mfungo Tano. Ikiwa ulitimia 30, inakwisha Alasiri ya tarehe 28. Jumla itakuwa karibu siku 128, kwa sababu mwezi mwandamo mara huwa 29, mara 30. Ile 130 ya wifi imepatikana kwa kuipa miezi yote siku 30. Tofauti ni ndogo, sikushauri ugombane nayo. Lakini wewe unahitaji tarehe kamili, kwa sababu ndiyo utakayoiandika kwenye barua ya kazini.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza, na wewe muuguzi unalijua. Kama hedhi yako imechelewa, pima. Mjamzito eda yake inakwisha kwa kujifungua, na hapo hesabu yote hii inabadilika.

Sasa tuje kwenye masharti. Hadithi ya Ummu Atiyya, ambayo ndiyo tegemeo kubwa la wanazuoni, inamkataza mfiwa nguo za rangi za kujipamba, wanja na manukato, na hata hapo imemruhusu harufu kidogo anapotoharika na hedhi. Hina na vito vimo katika kujipamba vilevile. Kwa maisha yetu ya pwani maana yake ni kuweka kando udi, halud, asumini, kikuba, piko, bangili na khanga mpya za kung'ara. Kuna na kukaa: Furay'a binti Malik alipofiwa aliomba kuhamia kwa jamaa zake, Mtume (s.a.w.) akamwambia abaki katika nyumba yake mpaka muda utimie. Mambo haya ni mazito, na nafurahi kwamba unayaheshimu.

Ila tazama vilivyokuwepo Pangani na havimo humo. Kioo hakimo, wala kucha, wala dirisha. Kuoga na kuchana nywele si kujipamba, na sabuni ya mche isiyo na harufu inatosha kabisa. Rangi nyeupe haikuwekwa kuwa sharti, sharti ni nguo isiwe ya mapambo. Kuzungumza na mwanamume kwa haja, kwa heshima, hakukuanza kuwa haramu siku mumeo alipofariki. Na lile la marehemu kutopumzika nakuomba uliangalie kwa utulivu, maana naona ndilo lililokufanya uogope jua. Eda ni ibada yako wewe aliye hai. Raha ya mumeo kaburini haikufungwa kwenye komeo la dirisha lako. Kinachomfikia kutoka kwako ni dua na sadaka, na hivyo unavitoa ukiwa juu ya mkeka au ukiwa njiani.

Hata hivyo, pazia la bibi yako silidharau, na wewe usilidharau. Kizuka wa zamani hakuachwa peke yake nyuma ya kitenge. Kulikuwa na wa kumtekea maji, wa kumpikia uji, wa kumlea wanawe, wa kulima shamba lake. Wewe mwenyewe, ukiwa na miaka tisa, ulikuwa sehemu ya mpango huo, ukibeba ndoo. Pazia lilimpa mjane ruhusa ya kulia miezi minne bila mtu kumuuliza mbona hujapika. Lilikuwa na pande mbili: mjane anakaa, ukoo unabeba. Kwenu upande mmoja umesimama sawasawa na misumari yake miwili, na upande wa pili umeleta shilingi 40,000. Sisemi hivi kumshtaki shemeji yako, huenda naye hana. Nasema ili ujue kwamba unapouliza "tutakula nini" hujakosa imani. Unaulizia nusu ya mila ambayo bibi yako aliipata.

Kuhusu kutoka, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku pwani, wanamruhusu aliyefiwa kutoka mchana kwa haja, kama kununua chakula au kutafuta riziki ikiwa hana wa kumtosheleza, na kulala ni nyumbani kwake. Wanaitazama hadithi ya Jabir bin Abdillah: mama yake mdogo alikuwa katika eda ya talaka, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkaripia, na Mtume (s.a.w.) akamwambia aende akavune. Neno lenye uzito hapo ni haja. Ni wewe na sheikh mtakaopima kama haja yako imefika hapo, na sheikh hawezi kupima asichoambiwa. Ukienda kwake, au ukimtuma mtu, usiulize tu "kizuka anaruhusiwa kufanya kazi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa mkato. Mpe hali nzima: kodi, watoto wawili, kilicholetwa na kilichoahidiwa, saa za kutoka na kurudi, aina ya kazi. Na muulize usiku peke yake, kwa sababu zamu ya usiku ndiyo ngumu zaidi. Inakutoa kwenye lile sharti la kulala nyumbani, na hapo wengi wanadai dharura, si haja ya kawaida.

Unaweza kumuuliza pia vitu vidogo vya kazi yako: kitakasa mikono chenye manukato (spiriti ya kawaida itafaa badala yake), na saa ya kubana kifuani, kama inahesabiwa pambo au ni kifaa cha kuhesabia mapigo ya moyo. Sare nyeupe ya uuguzi isiyo na urembo haina ugomvi na eda yako.

Upande wa ajira, mwajiri amekupa kile sheria ya Tanzania Bara inachomtaka akupe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na mwenzi, na likizo ya mwaka ya siku 28. Ukijumlisha ni 32, na eda yako ni kama 128. Zinabaki siku 96 hivi ambazo lazima zipatikane kwa makubaliano. Nakuomba jambo moja tu usilifanye, nalo ni kukaa kimya Jumatatu ukitumaini meneja ataelewa. Kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa kunahesabiwa utovu mkubwa wa nidhamu, na hata meneja mwenye huruma anaweza kujikuta amefungwa mikono na utaratibu wake mwenyewe.

Njia mojawapo ni kuomba likizo bila malipo mpaka tarehe ya kutoka eda. Ukiielekea hiyo, fanya hesabu kwa kalamu kabla hujasaini: kodi ya miezi mitatu ni 300,000, kisha chakula, ada, nauli za watoto. Iweke karatasi hiyo mbele ya shemeji na wazee, na kila aliyeahidi aandike anatoa nini na tarehe ngapi. Kinachoharibika katika mpango huu huharibika mwezi wa pili, machozi yakishakauka na kila mtu karudi kwenye shida zake, wakati wewe nafasi yako kazini imeshapewa mtu wa muda. Kama utaupata, ombeni na meneja iandikwe kuwa nafasi inakusubiri.

Nyingine ni kurudi kwa zamu za mchana tu. Hapa barua yako kwa meneja iwe fupi: uko katika eda, inakwisha tarehe fulani, unaomba kusamehewa zamu za usiku hadi siku hiyo, na baada ya hapo utazirudisha kwa kuchukua usiku wa wenzako. Hilo la kurudisha usilisahau. Wauguzi wako watano tu, na usiku usioushika wewe lazima aushike mwingine. Wakijua utawalipa, watakubeba. Wasipojua, baada ya wiki tatu utasikia minong'ono, na minong'ono ya kazini ukijumlisha na ya wifi ni mingi kwa mtu mmoja. Ukiwa na posho ya usiku, itoe kwenye hesabu zako. Na ujipime mwenyewe kwa ukweli: unalala? Msiba unakula umakini, na dozi haisamehi. Ukiona huko sawa, omba uanzie chumba cha vidonda au kliniki ya mama na mtoto kabla ya kurudi wodini.

Wapo wanaochanganya, wiki mbili tatu bila malipo, halafu mchana. Inategemea kodi inavyokimbia.

Wakwe sasa. Umemwandika wifi kwa urefu, na mama mkwe kwa mistari mitatu. Mimi nimebaki kwenye ile mistari mitatu. Umesema hasemi kitu, na inaelekea umechukua kimya chake kuwa yuko upande wa binti yake. Huenda ndivyo. Lakini mtu anayekuja kila Ijumaa kukushika mkono amefiwa na mwana, na inawezekana hajapata nafasi ya kuulizwa jambo lolote. Ijumaa hii, kabla Jumatatu haijafika, mwambie mapema, yeye kwanza, wifi baadaye: "Mama, eda ya mwanao nitaikaa mpaka mwisho, sitajipamba, sitalala nje ya nyumba yake. Nataka nikuulize wewe kama mzazi wangu: hawa wajukuu zako tufanyeje?" Kisha nyamaza, usimwambie umeamua nini. Anaweza kukataa, na itauma. Anaweza pia kuwa ndiye mtu pekee ambaye wifi hawezi kumpinga. Hofu ya wifi, nikikisia, ni kwamba watu wa mtaa watasema kaka yake kasahauliwa mapema. Hofu hiyo inatulia zaidi akikuona bila wanja na hina miezi mitatu mizima kuliko kwa hoja yoyote ya kitabu. Kama kuna haja ya kitabu, aseme sheikh mnayemkubali nyote, asiseme shoga yako wala mama yako.

Kuhusu mirathi nitasema machache, maana inahitaji siku yake. Kukaa eda hakukuondoi kwenye kikao. Wewe ni mrithi, na kwa kuwa marehemu ameacha watoto fungu lako ni thumuni, moja ya nane. Kikao kinaweza kukaliwa sebuleni kwako, wewe ukiwa upande wa pili wa hilo hilo pazia, ukisikia na kusikika. Ombeni muhtasari uandikwe na majina ya wanao yawemo. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na hizo kwako zinaishia siku hizi hizi, kwa hiyo leo hii tafuta nani ana kibali cha mazishi na karatasi za hospitali.

Shoga yako aliyesema mambo ya zamani, msamehe. Anakutaka kazini na amekosa maneno. Mkimaliza kusameheana, muulize yeye ndiye atachukua zamu zako za usiku?

Sikuambii uende wala ubaki. Ukibaki, utakuwa umeikaa eda kama ulivyoipokea, na ulindwe na ahadi zilizoandikwa. Ukienda, nenda baada ya kumsikia sheikh, ukiwa na tarehe yako mkononi, ukirudi kabla ya Magharibi. Kwa vyovyote, kesho asubuhi watoto wakishaenda shule, vaa mtandio wako, fungua hilo dirisha kidogo, ukae hapo na uradi wako mpaka moyo uzoee. Na Jumamosi niandikie mama mkwe alijibu nini.